Mnaorekodi njia za vichakani na kuziweka kwenye simu, mwatuachia nini?

#1 Mwana_Makupa
Salaam wana jamvi.

Nina ugomvi kidogo na ndugu zetu wa milimani. Njia iliyochongwa ichoreni mpaka mchoke. Ya kutoka kijiji cha Bungule kupanda mlima Kasigau kule Taita yajulikana, ya Sirimon kule Mlima Kenya mpaka mabango iko nayo. Nasemea zile pande ambazo hazina njia kabisa. Pande ambazo yataka mtu ausome mgongo wa mlima, aamue korongo alivuke wapi, jabali alizunguke kwa juu au kwa chini, akikwama arudi. Hizi nazo siku hizi mwazirekodi hatua kwa hatua na kuzimwaga kwenye programu za simu, na alama ya maji, na alama ya kupiga hema, na "hapa kata kushoto". Anayekuja nyuma yenu amebakiwa na kazi gani?

Mwezi jana tulikuwa upande wa nyuma wa Kasigau, mwenzetu mmoja akiwa na mstari wa njia kama hizo kwenye simu. Tukafika chini ya jabali. Kuliani naona kijinjia cha nyasi kimepanda vizuri, na mavi ya pimbi yamejaa, yaani hata wanyama wapita hapo. Yeye asema mstari waenda kushoto. Tukaenda kushoto. Tukachanwa na miiba mpaka shati la mmoja wetu likabaki mkono mmoja, halafu mstari ukageuka, ukarudi palepale chini ya jabali, ukapanda kwa kulia. Kumbe aliyerekodi naye alipotea hapo! Tulifuata kupotea kwa mtu tusiyemjua.

Rai yangu: wekeni pa kuanzia, pa kumalizia, na penye hatari ya kuua mtu. Katikati tuachieni. Mwasemaje?

#2 BiKisauni
Zima simu. Uzi umeisha.

#3 Mwana_Makupa
@BiKisauni ningekuwa peke yangu ningezima. Kwenye kundi mwenye mstari ndiye amiri. Ukisema "tujaribu kule" waambiwa wapoteza wakati wa watu.

#4 Fundi_Dira
Mie nitasimama katikati nipigwe na pande zote mbili.

Simu si adui. GPS haili bando, yafanya kazi hata pasipo mtandao mradi ramani umeipakua kabla. Lakini ina udhaifu wake na watu hawaujui. Ukiwa ndani ya korongo lenye kuta za mawe, mawimbi ya setilaiti yagonga ukuta kwanza ndipo yafike kwako, na simu yakuweka mahali ambapo hupo. Kimo nacho hukosewa zaidi kuliko mahali. Na baridi ya mlimani yala betri: usiku ukiiacha simu nje ya begi la kulalia, asubuhi waamka na kipande cha kioo.

Tatizo kubwa ni kwamba watu wamefika kwenye mstari bila kupitia kwenye ramani. Chukua karatasi ya Survey of Kenya ya 1:50,000. Sentimita 2 ni kilomita 1, hesabu ya mtoto. Kontua, ile mistari ya kimo, zikibanana, hapo ni ukuta. Zikichonga ncha kuelekea juu mlimani, hilo ni bonde. Zikichonga ncha kuelekea chini, huo ni mgongo, na migongo ndiyo rafiki ya mtu asiye na njia kwa sababu waona mbali na maji hayakufungii. Ukishajua hayo matatu, jioni moja mezani waweza kujichorea njia yako kabla hujatoka Mombasa.

Kwa muda, Mskochi mmoja aitwaye Naismith aliweka kanuni mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni kwa ardhi nzuri. Kwenye vichaka vyetu izidishe mara mbili, na penye mianzi acha kuhesabu, omba Mungu.

Na tafadhali tuachane na mafunzo ya Ulaya ya ati kuvumwani huota upande wa kaskazini wa mti. Msitu wa Ngangao kule Taita, penye ukungu, imezunguka mti mzima. Jua la saa sita nalo huku kwetu lahama: Aprili hadi Septemba liko kaskazini yako, Novemba hadi Februari liko kusini. Aliyekariri kitabu cha kizungu atakwenda Taveta akidhani aenda Voi.

Kwa hivyo jibu langu kwa mwenye uzi: mstari usiwekwe, lakini watu wafunzwe ramani. Ukiondoa mstari bila kufunza, umeongeza majeneza tu.

#5 Mdawida
Nimesoma kimya kimya mpaka nimeshindwa.

Mwasema "pande ambazo hazina njia". Hazina njia kwa nani? Nyanya yangu alikuwa akipita huko na mzigo wa kuni kichwani. Wachunga mbuzi wapita. Walina asali wapita. Isipokuwa hawakuweka bango. Nyie mwatoka Mombasa na fimbo mbili za chuma mwasema mmegundua.

La pili ndilo linaloniuma. Milima ya Taita ina mapango ya mafuvu. Zamani mzee akifa azikwa, baada ya muda fuvu lake latolewa kaburini na kuwekwa pangoni pamoja na ya ukoo wake, na hapo ndipo ukoo ulikuwa ukienda kuomba. Kuna pia vichaka vya fighi, ambavyo ni ulinzi wa kijiji, na si kila mtu aingia. Juzi juzi nafungua programu ya simu naona kialama kimechomekwa mlimani kwetu, kimeandikwa "pango zuri la kupumzikia, lina kivuli". Nalijua pango hilo. Limejaa mafuvu nyuma ya yale mawe aliyoyapiga picha.

Huyo hakuwa na nia mbaya. Lakini kialama chake chaonekana duniani kote, na kukiondoa nimeandika barua pepe mpaka nimechoka.

Kwa hivyo mie namuunga mkono Mwana_Makupa, lakini si kwa sababu yake. Yeye ataka starehe ya kutafuta. Mie nataka mje muulize.

#6 PwaniKwanza
Mdawida kamaliza. Na hili la "kugundua" ni la tangu zamani. Mmisionari Rebmann alitoka hapo Rabai mwaka 1848, akatembea na mwavuli wake mpaka akaona theluji ya Mlima Kenya, vitabu vikaandika amegundua. Kina nani waliomwonyesha njia? Hawatajwi.

#7 Mwalimu_Skauti
@PwaniKwanza sahihisho dogo. Rebmann mwaka 1848, mwezi Mei tarehe 11, aliona Kilimanjaro. Mlima Kenya uliandikwa na mwenzake Krapf, Desemba 1849, akiwa Kitui kwa mzee Kivoi. Na wenyeji wa Kitui walikuwa wakiuona kila siku isipokuwa siku ya mawingu.

Aliyemwongoza Rebmann naye anatajwa: Bwana Kheri, mtu wa misafara, ndiye aliyempeleka mpaka Kasigau mwaka 1847 kabla ya safari ya Uchagani. Kichekesho ni kwamba mabwana wa jiografia kule London walikataa, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, Rebmann kaona mawe meupe. Walikuwa na ramani nzuri na hawajawahi kufika.

#8 PwaniKwanza
Shukran mwalimu. Hoja yangu yabaki palepale hata hivyo. Mwavuli ndio ulioingia historia, Bwana Kheri kaingia tanbihi.

#9 Nahodha_Mstaafu
Vijana, kidogo kutoka baharini.

Chombo kikitoka Pemba kuja Mombasa wakati wa kusi, maji yakokota kwenda kaskazini. Nahodha mjinga aelekeza omo Mombasa hasa. Akifika pwani aona minazi tu, hajui kama Mombasa imebaki kusini au kaskazini yake. Nahodha mwenye akili aelekeza kusini ya Mombasa kwa makusudi, apandie pwani ya Diani, halafu afuate ufuo kwenda kaskazini bila shaka yoyote. Akosea kwa kutaka, ili ajue amekosea upande gani.

Mjukuu wangu apenda milima, aniambia huko nako wafanya vilevile. Kama kambi iko kando ya mto, usielekee kambi, elekea mtoni upande wa juu wa kambi, ukigonga maji shuka nayo. Nikamwambia hayo babu yako kayafanya bila begi la bei ghali.

Hatukuwa na mistari ya buluu. Lakini wala msidhani kila nahodha alimweleza kila mtu. Mahali penye samaki, mtu alikuwa akizishika alama zake mbili za nchi kavu, mnazi huu ukikutana na mnara ule, na akafa nazo.

#10 Fundi_Dira
@Nahodha_Mstaafu hapo umenipa somo mzee wangu. Mlimani huitwa kulenga pembeni na wengi hawaijui kabisa. Mwenzake ni kuweka kizuizi: kabla hujaanza wachagua kitu kikubwa nyuma ya pale uendapo, barabara, mto, reli, na wajiambia nikikigusa hicho nimepitiliza. Pale Taita reli na barabara kuu ya Nairobi ziko upande mmoja, ni kizuizi ambacho hata kipofu atakikanyaga.

#11 BintiKibokoni
Naona wanaume watupu wanazungumza utamu wa kupotea.

Niwaambie mie kwa nini napenda mstari. Mwanamke akiwa kichakani, kila akisimama kuuliza njia ajitangaza kwamba hajui alipo na yuko peke yake au na shoga yake tu. "Mje muulize", asema Mdawida, na nakubali kwa heshima zote, lakini wewe ukiuliza wapewa njia, mie nikiuliza naulizwa mume yuko wapi. Mstari ndio ulionipa milima. Kabla yake nilikuwa nikisubiri kaka zangu wapate nafasi, na kaka zangu wakipata nafasi waenda kutazama mpira.

Halafu mkishafika juu kwa mstari wa watu ndipo mwataka ufutwe?

#12 Mdawida
@BintiKibokoni hilo sikulifikiria, nakubali ni kweli. Kule kwetu wako kina mama waongozaji. Nikutumie namba kwa faragha?

#13 BiKisauni
@Mdawida taratibu na hiyo "faragha" 😂

#14 Mdawida
Namba ya shangazi yangu, jamani. Ana wajukuu.

#15 Mkwezi_Tanga
Wakuu, salaam kutoka Tanga. Ninyi Wakenya mna bahati mnagombania mstari. Kwetu Kilimanjaro huwezi kukanyaga bila mwongozaji mwenye leseni, kwa hiyo adventure yako yote anayo yeye mfukoni, wewe kazi yako kula popcorn na kusema pole pole. Anayetaka kutafuta njia aje Usambara. Kutoka Lushoto kwenda Mtae unaweza kutembea siku kadhaa mashambani na misituni, njia ziko elfu, na tatizo si kukosa njia, ni kuchagua. Kila mtoto atakuonyesha, na kila mtoto ataonyesha tofauti.

#16 Kijana_wa_Likoni
Popcorn mlimani? Sasa nimepata sababu ya kwenda.

Kwenye mada: wale Wataliano waliotoroka kambi ya wafungwa Nanyuki mwaka 1943 wakapanda Batian, kilele kirefu cha Mlima Kenya, ramani yao ilikuwa picha ya mlima kwenye lebo ya mkebe wa nyama! Hiyo ndiyo kutafuta njia. Leo mtu asipopata mtandao Mariakani ashikwa na homa.

#17 Mwalimu_Skauti
Samahani nasahihisha tena, ni ugonjwa wa ualimu. Batian waliijaribu wakashindwa. Waliofika walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, wawili kati ya watatu, wa tatu alikuwa mgonjwa kambini. Wakasimika bendera, wakashuka, wakarudi gerezani wenyewe. Lebo ya mkebe ni kweli.

Lakini angalia kilichowapata, maana watu hupenda ile lebo wakasahau njaa. Chakula kiliwaishia, walishuka wamedhoofu. Mtu akitaka kuwaiga aige na hilo.

Mie nilifanya jaribio na vijana wangu wa skauti msitu wa Shimba, pamoja na askari wa wanyamapori kwa sababu kuna ndovu. Kundi moja nililikabidhi simu yenye mstari, la pili ramani na dira. La simu lilifika mapema sana. Jioni nikawaambia kila mtu achore alikopita. Wa ramani wakachora mto, mvule ulioanguka, mahali walipobishana, mpaka harufu ya mzoga wakaiandika. Wa simu wakachora mstari. Kweli, mstari mmoja kwenye karatasi nyeupe, na mwanzoni wameandika "gari" na mwishoni "gari".

#18 DaktariMtaani
Mwalimu jaribio lako zuri ila vijana wa simu walifika mapema. Kwangu mie mapema ni uhai. Nimepokea mtu hospitalini aliyelala nje usiku mzima wa mvua ya Mei akiwa na fulana ya pamba. Hakuanguka, hakuumwa na nyoka. Alitafuta njia mpaka giza likamkuta. Mtu wa Pwani hajui kwamba mlima Vuria kule Taita usiku ni friji. Mwili ukilowa na upepo ukivuma, joto laondoka hata kama maji hayagandi.

Mstari uwepo begini kama panadol. Huimezi kila saa.

#19 Mwana_Makupa
@DaktariMtaani panadol ikiwa begini na kichwa chauma kidogo tu, nani haimezi? Ndiyo hoja yangu. Lakini nimekusikia kuhusu fulana.

Kwa hisani yenu, tusichanganye mambo mawili: mtu kuacha njia yake nyumbani kwa mkewe, na mtu kuitangazia dunia. La kwanza ni wajibu. Mwachie mtu karatasi: twaingia kwa mgongo huu, twalala bonde hili, tusipopiga simu Jumapili magharibi tafuta hapa. La pili ndilo nalolikataa.

#20 MtiMkavu
Hakuna aliyegusa mmea hata mmoja. Ukurasa wa pili huu.

Mstari mmoja ukipata wafuasi, ardhi huchimbika. Watu wakipita mahali pasipo njia wakiwa wachache, kanuni ni kutawanyika, kila mtu akanyage pake, na kupendelea jiwe na mchanga kuliko majani, ili pasizaliwe njia. GPS yafanya kinyume chake: yawaweka wote juu ya unyayo mmoja. Mvua za masika zikija, unyayo wawa mfereji. Nenda kaone ule upande wa Naro Moru wenye matope juu ya mstari wa miti, watu waliukimbia mfereji wakachimba mwingine pembeni, kisha mwingine.

Juu ya Mbololo na Ngangao kuna viumbe ambavyo duniani kote viko hapo tu. Chiriku wa Taita yuko kwenye vipande vichache vya msitu basi. Ua la saintpaulia lile ambalo wazungu hulipanda kwenye vyungu vya dirishani, aina moja yake asili yake ni Mbololo. Laota kwenye miamba yenye kivuli, yaani palepale ambapo mkwezi aona "kijinjia kizuri".

#21 Fundi_Dira
@MtiMkavu nakubali nusu. Nusu nyingine ni kinyume chake: bila mstari kila kundi lakata panga njia yake. Nimeona kilima chenye njia ndogo ndogo kila upande, zote zimetafutwa na watu "wasiopenda simu". Mstari mmoja mzuri, uliopitishwa kwenye jiwe, ungeokoa kilima kizima.

Na chiriku au kurumbiza? Ndege wenu hawa wanichanganya.

#22 MtiMkavu
Kurumbiza yafaa zaidi, umeniweza. Ila panga ni kosa la panga, si la kukosa simu.

#23 Mpwa_wa_Uskochi
Nasoma kutoka Aberdeen, mvua yanyesha, kama kawaida.

Huku kuna njia ndefu ya kwenda Cape Wrath, haina alama hata moja, kila mtu ajitafutia. Na Marekani kuna Sierra High Route, kama kilomita 310, sehemu kubwa haina njia ya kukanyagwa, na mabishano yao ni haya haya yenu: wako wanaogawa mistari, wako wanaobomoa hata vile virundo vya mawe watu walivyovipanga kuonyesha njia.

Lakini msinakili tu. Uskochi sheria ya mwaka 2003 yampa mtu haki ya kutembea karibu ardhi yote kwa adabu. Kenya ukiacha njia umeingia kwa mtu: ama ranchi, ama ardhi ya jamii, ama hifadhi. Tsavo ukishuka kwenye gari utafute njia, simba atakutafutia yeye. Hata chini ya Kasigau ndovu wapita. Kwa hivyo Mdawida ana haki kuliko sote, kutafuta njia Taita kwaanzia barazani kwa mtu, si kwenye kontua.

#24 Mzee_wa_Kinondo
Sisi Wamijikenda hili tulilimaliza zamani. Kaya, msitu wetu mtakatifu, ina njia yake, waingia kwa njia hiyo, wafuata masharti, kule Kinondo wafungwa kaniki nyeusi, na huachi njia. Huvunji kijiti. Kwa hayo makaya yalisimama mpaka UNESCO wakayaandika mwaka 2008, na pembeni yake kila kitu kimekwisha kuwa hoteli. Mtu akiniambia raha ya msitu ni kuacha njia namwona mtoto.

#25 Kijana_wa_Likoni
Mzee kwa heshima, kaya ni mahali pa ibada. Mlima wote hauwezi kuwa kaya.

#26 Mzee_wa_Kinondo
Nani kakwambia?

#27 Mdawida
🙌

#28 Mwongozaji_Wundanyi
Niseme la tumbo. Mie kazi yangu ni kuongoza. Zamani kundi likija laniuliza, twaelewana bei, mwanangu aenda shule. Sasa waja na simu, wanunua maji dukani, wapanda, washuka, wakipotea ndipo wanitafuta saa mbili usiku nitoke na tochi, na hapo wataka bei ya udugu. Huyo anayerekodi, mara nyingi mara ya kwanza alipita na mmoja wetu. Kamlipa siku moja, kauza njia yake milele bure.

Lakini sitasema uongo: wako pia waliokuja kwa sababu waliona picha na mstari. Vuria, mita 2,208, ndio mrefu kuliko yote ya Taita, na watu wa Mombasa walikuwa hawaujui, wote Kasigau Kasigau, ambao ni 1,641. Sasa waja. Kwa hivyo mie hata sijui nimshukuru au nimdai.

#29 BintiKibokoni
Mdai kwanza. Kushukuru baadaye.

#30 Mwana_Makupa
Nimewasoma wote. Wengine wenu mwakubaliana nami kwa sababu ambazo mie mwenyewe sizipendi, na wengine mwanipinga kwa maneno ambayo ningeyasema mie. Bado naona njia iliyotafutwa na njia iliyopakuliwa si njia moja, hata kama nyayo zimekanyaga pale pale. La pango la Mdawida limenitia adabu ya kuanzia kijijini. La BintiKibokoni sina jibu nalo.

#31 BiKisauni
Na Jumamosi mwaenda wapi? Mie nimechoka na ferry na joto.

#32 Mwana_Makupa
Pa kuanzia: stesheni ya Miritini. Pa kumalizia: stesheni ya Miritini.

#33 BiKisauni
Mtu huyu!

#34 Fundi_Dira
😂 Mwenzenu huyo habadiliki. BiKisauni, treni ya asubuhi inayosimama kila stesheni, shuka Voi, matatu za Mwatate na Wundanyi ziko nje. Tikiti kateni mapema, wikendi zaisha.

#35 Kijana_wa_Likoni
Swali la maana: chakula gani? Mie mkate wa mayai wanipondeka begini.

#36 Nahodha_Mstaafu
Halwa. Sukari na samli, haiozi, haipondeki, ndogo ndogo yakupeleka mbali. Na tende. Tulivuka nazo mpaka Mukalla.

#37 DaktariMtaani
Nahodha kasema kweli kabisa kwa kutembea. Ila wenye sukari ya damu msimsikilize.

#38 BintiKibokoni
Mahamri makavu ya jana na mbaazi kwenye mkebe, pasheni moto kambini. Mie na shoga zangu twaenda, shangazi wa Mdawida atatupokea Wundanyi. Nafasi ya hema ipo ya watu wawili, wanawake tu. Anayekuja alete jiko, letu lavuja gesi.

#39 BiKisauni
Jiko ninalo. Nihesabu. Na sweta ni lazima, au Fundi atuogopesha tu?

#40 DaktariMtaani
Aliyewaogopesha ni mie. Leta mawili.